Mitihani ya taifa wakati wa janga: ifutwe, isogezwe au ifanyike? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Machi 2020 nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya bweni hapa Tanzania, yenye kidato cha tano na cha sita. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, simu yangu haikupumzika: wazazi, wanafunzi, walimu wenzangu, hata mwenye duka jirani ambaye binti yake alikuwa darasa la saba. Waliuliza mambo yaleyale, na kila tetesi ya mlipuko mpya ikisikika wanayauliza tena. Nimeyapanga hapa, na maoni yangu sikuyaficha.

## Mambo ya msingi

Kufuta mtihani maana yake nini hasa?

Neno hilo moja linabeba vitu vitatu, na ugomvi mwingi unatokea kwa sababu kila mtu ameshika chake. Kuna kusogeza tarehe: mtihani upo, ila si mwezi uliozoeleka. Kuna kufuta pepa lakini alama zikatolewa kwa njia nyingine, kwa mfano kazi za darasani au makadirio ya walimu. Halafu kuna kufuta kabisa: hakuna pepa, hakuna alama, watoto wanapandishwa darasa kama walivyo.

Mzazi akiniambia "wafute tu, mwalimu," nikimhoji kidogo nakuta anataka la kwanza. Mwanafunzi akisema hivyohivyo, anataka la tatu.

Wewe unasimama wapi?

Sogeza, usifute. Nasema hivyo kwa mitihani inayoamua mtoto anakwenda wapi: darasa la saba, kidato cha nne, kidato cha sita, na ya aina hiyo Kenya na Uganda. Sababu yangu ni moja tu. Ukifuta mtihani, nafasi za kidato cha tano na vyuo vikuu haziongezeki hata moja. Bado kuna mtu atakayekaa mezani na kuchagua nani aingie na nani abaki. Pepa lina kasoro zake, lakini angalau msahihishaji anaona namba ya mtahiniwa, haoni jina la baba yake.

Na mitihani mingine: ya muhula, ya moko, ya darasa la nne, ya kidato cha pili?

Hiyo futa bila kupepesa macho. Mtihani wa moko hauna kazi nyingine ila kumwandaa mtoto kwa mtihani wenyewe. Shule iliyokusanya watoto 2020 ili wafanye moko tatu mfululizo ilikuwa inawaongezea hatari kwa ajili ya alama ambazo hakuna aliyezihitaji.

Tanzania ilifanya nini 2020?

Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa 16 Machi. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikaisha na shule hazikufunguliwa. Kidato cha sita, ambao kwa kawaida huanza pepa mwezi Mei, walirudi 1 Juni pamoja na vyuo vikuu. Walipewa wiki nne za kujifua, wakaanza mtihani 29 Juni, siku ileile madarasa mengine yote yaliporudi shuleni, wakamaliza 16 Julai. Agosti matokeo yalikuwa mkononi. Darasa la saba walisogezwa kutoka Septemba hadi 7 na 8 Oktoba, na kidato cha nne wakaanza 23 Novemba.

Hakuna mtihani wa taifa uliofutwa, na hilo naliunga mkono. Nisiloliunga mkono ni kwamba kuanzia Mei takwimu za wagonjwa zilikoma kutolewa. Mzazi wa Mbeya aliyetaka kujua kama ni salama kumpandisha mtoto basi kwenda bwenini Tabora hakuwa na namba ya kushika. Kila aliponiuliza nilimjibu kwa kubahatisha, na yeye alijua nabahatisha.

## Waliofuta

Uingereza walifuta. Kwani kulikuwa na shida gani?

Walifuta mapema mno: 18 Machi 2020 waziri wa elimu Gavin Williamson alitangaza kwamba mitihani ya majira yale ya kiangazi haitafanyika. Walimu wakaambiwa wafanye mambo mawili: kumkadiria kila mwanafunzi daraja ambalo angepata, kisha kuwapanga wanafunzi wa somo hilo kwa mstari, wa kwanza hadi wa mwisho. Mamlaka ya mitihani ya huko, Ofqual, ikaona walimu wamekuwa wakarimu kupita kiasi. Ikaingiza makadirio hayo kwenye kanuni ya kompyuta iliyotazama pia shule hiyo ilipata matokeo gani miaka ya nyuma.

Matokeo ya A-level, mtihani unaolingana na wa kidato cha sita kwetu, yalitoka 13 Agosti. Karibu asilimia 39 ya madaraja ya England yalikuwa yameshushwa chini ya yale waliyotoa walimu. Vijana wakaingia barabarani na mabango. Scotland, iliyokuwa na utaratibu wake, ilishasalimu amri 11 Agosti; England ikafuata 17 Agosti na kurudisha makadirio ya walimu. Siku nne hizo zilitosha kwa baadhi ya vijana kupoteza nafasi zao vyuoni na kwa wengine kulia bure.

Ndani yake kuna kipengele kinachonikera zaidi. Kwa madarasa madogo sana kanuni ile haikufanya kazi vizuri, kwa hiyo huko makadirio ya walimu yaliachwa yalivyo. Madarasa madogo yako wapi? Katika shule za kulipia. Sidhani kama kuna mtu aliketi akapanga njama ya kuwapendelea. Hesabu yenyewe iliangukia upande wao.

Utaratibu kama huo ungekuwaje kwetu?

Chukua shule ya kata ambayo kwa miaka mitatu mfululizo imetoa daraja la nne na sifuri, na mara mojamoja la tatu. Mwaka wa janga kuna binti mmoja pale anayesoma kwa taa ya sola, anayekwenda jioni kwa mwalimu wa fizikia kuuliza maswali ambayo mwalimu mwenyewe inabidi akayatafute. Kompyuta haimjui. Inaijua shule yake, na shule yake haijawahi kutoa daraja la kwanza, basi na yeye hapewi. Kwenye pepa binti huyo ana saa tatu za kuikatalia kompyuta hiyo. Ukifuta pepa umemnyang'anya.

Si tuna alama endelevu? Kwa nini zisitumike hizo peke yake?

Kwa watahiniwa wa shule, alama za tathmini endelevu, yaani za kazi na majaribio ya shuleni, zinaingia kwenye matokeo ya kidato cha nne pamoja na alama za pepa. Lakini zinabaki sehemu ndogo, na kwa sababu nzuri. Mimi ni mwalimu wa taaluma, nimezijaza mwenyewe. Kuna shule zinazotoa alama za ukweli, kuna zinazotoa alama za huruma, na kuna zinazojaza fomu nzima jioni moja kabla ya tarehe ya mwisho kwa kuangalia dari. Zikiwa na pepa pembeni yake, uongo unaonekana. Zikibaki peke yake, mwalimu mkweli ndiye anayewaponza wanafunzi wake.

Ufaransa walitumia njia hiyo. Waziri Jean-Michel Blanquer alitangaza 3 Aprili 2020 kwamba cheti cha baccalauréat kitatolewa kwa alama za darasani za mwaka mzima. Waliofaulu wakawa asilimia 95.7, kutoka asilimia 88.1 mwaka 2019. Vurugu kama za Uingereza hazikuwepo, kwa kuwa aliyependelewa hana cha kulalamikia. Mzigo ukahamia vyuoni, ambako ilibidi watafutiwe nafasi.

Kama tunataka njia hii iwe akiba ya janga lijalo, ijengwe wakati wa amani. Kenya imeanza kuelekea huko: mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza darasa la nane, ulifanyika 2023, na mtaala mpya unahesabu tathmini zinazofanyika shuleni miaka kabla ya mtihani. Itapimwa siku ngumu ikifika.

## Waliosogeza

Kenya walisogeza kwa muda gani, na gharama yake ilikuwa nini?

Muda mrefu kuliko sisi. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Tarehe 7 Julai waziri wa elimu, marehemu Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea na watoto wataurudia 2021. Baadaye hali ikalegea kidogo, na 12 Oktoba gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wakarudi mbele ya wenzao, ambao walingoja hadi Januari 2021. KCPE ya 2020 ikafanyika 22 hadi 24 Machi 2021, na pepa za KCSE, za kidato cha nne, zikaendelea hadi Aprili.

Katikati ya pepa hizo, 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa isipokuwa kwa watahiniwa. Nadhani huo ni uamuzi mgumu kuliko wote uliofanyika ukanda huu, na ulikuwa sahihi: tayari wako shuleni, tayari wamejiandaa, kuwarudisha nyumbani kwa basi ndiko kungesambaza ugonjwa.

Gharama ililipwa na kalenda. Kidato cha kwanza kiliingia Agosti 2021, mihula ikabanwa, wazazi wakadaiwa ada kabla ya kumaliza kukopa ya muhula uliopita, na hadi Januari 2023 ndipo mwaka wa masomo ukarudi mahali pake.

Uganda je?

Uganda walipita njia mbili. Mitihani ya 2020 waliisogeza: ilifanyika kati ya Machi na mwanzoni mwa Mei 2021. Kisha wimbi la Juni 2021 likafunga shule tena, na safari hii hazikufunguliwa hadi 10 Januari 2022. Mitihani ya 2021 haikuwepo. Watoto wote walipandishwa darasa moja na maisha yakaendelea.

Kupandisha wote kunasikika kama huruma, na kwa darasa la tatu au la tano ni huruma kweli. Shida ni mtoto aliyeacha shule akiwa bado anasoma kwa kusilabi, akarudi karibu miaka miwili baadaye darasa la juu zaidi, mwalimu akaanza na mada mpya. Jina lake limepanda, lakini yeye yuko palepale.

Kuna kikomo cha kusogeza?

Kipo, nami ningekiweka kwenye miezi mitatu hadi minne. China walisogeza mtihani wao wa kuingia vyuo vikuu kwa mwezi mmoja tu, hadi Julai 2020, ukiwa na watahiniwa milioni 10.71. Ukivuka miezi minne, watahiniwa wanaanza kugeuka watu wazima. Wavulana wanashika bodaboda na mgodi, wasichana wanaolewa, na hata anayerudi amesahau. Mmoja wa wanafunzi wangu alirudi Juni na mikono yenye sugu. Alikuwa amechimba visima. Aliniuliza kama alama za kemia zinapungua ukikaa bila kusoma, kama maziwa yanavyochacha.

Si haki kumtahini mtoto ambaye hakuwa na intaneti wala redio nyumbani. Unasemaje?

Nasema ni kweli. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo, walimu wengine walituma noti kwa WhatsApp, lakini bando lina bei, na mwanafunzi mmoja alinipigia simu kutoka juu ya kichuguu kwa kuwa ndipo mtandao ulipokuwa unashika. Pengo hilo mtihani haukuliumba, na kuufuta hakulizibi. Dawa yake ni kupunguza mada zitakazotahiniwa na kutangaza orodha mapema, ili wa mjini na wa kichuguuni wajue wanasoma nini. Na watahiniwa warudi shuleni kabla ya madarasa mengine, kama tulivyofanya sisi na Kenya. Wiki nne za kwetu zilikuwa chache, ningeomba nane.

## Chumba cha mtihani

Watahiniwa walikaaje?

Mimi na wenzangu watatu tulikata fimbo ya mita moja na nusu tukaanza kupima. Chumba kilichozoea madawati 40 kikapokea 24. Waliobaki tukawapeleka bwaloni, ambako ilibidi tupige deki mara tatu kuondoa harufu ya maharage. Mlangoni tuliweka vibuyu chirizi, ndoo yenye bomba kwa wenye haraka, na mwalimu mwenye kipimajoto cha kuelekezea usoni ambacho saa nne asubuhi, jua likiwaka, kiliwasoma wote kuwa na homa. Tukahamisha foleni chini ya mwembe, homa ikapona.

Barakoa hazimsumbui mtu kuandika?

Zinasumbua wenye miwani, kwa sababu ya mvuke, na zinasumbua kila mtu baada ya saa mbili. Tuliruhusu ishushwe kwa nukta chache mtu akitaka kupumua, na ilibidi ishushwe mlangoni ili msimamizi alinganishe sura na picha. Wenye pumu tuliwakalisha karibu na dirisha.

Na mitihani ya vitendo?

Hapa ndipo niliogopa kuliko kwingine, na ajabu ni kwamba halikuulizwa sana. Katika maabara nyingi za shule, kwenye titresheni, jaribio la kemia la kuchanganya vimiminika kwa vipimo, mwanafunzi hunyonya kimiminika kwa mdomo kupitia mrija wa kupimia uitwao pipeti, na pipeti hiyo hupita kwa wenzake wa zamu inayofuata baada ya kusuuzwa kwa maji. Fikiria hilo Juni 2020. Tulizunguka mjini kutafuta balbu za kunyonyea, tukapata chache, wengine wakafundishwa kuzitumia asubuhi ya mtihani wenyewe. Janga likirudi, hiyo ndiyo bidhaa ya kununua kwanza, kabla ya vitakasa mikono.

Mtahiniwa akikutwa na homa asubuhi ya pepa?

Asirudishwe nyumbani na asichanganywe na wenzake. Kuwe na chumba cha pembeni, msimamizi wake, na karatasi zake zikusanywe kwenye bahasha ya peke yake. Utaratibu wa kufanyia mtihani hospitalini ulikuwepo hata kabla ya korona. Aliye mahututi ndiye mwenye tatizo, maana kidato cha sita hakikuwa na awamu ya pili mwaka ule. Kusogeza bila kuandaa awamu ya pili kunamfundisha mtoto kuficha homa kwa panadol. Mmoja alifanya hivyo kwetu, nilikuja kujua baada ya matokeo.

Wasimamizi na wasahihishaji wenye umri mkubwa?

Wapangiwe kazi nyingine. Korona iliwaonea wazee kuliko vijana, na usahihishaji wa pamoja hukusanya walimu mamia kwenye kituo kimoja kwa wiki kadhaa. Mwanafunzi yuko ukumbini saa tatu. Msahihishaji yuko huko mwezi.

## Hali za pembeni

Watahiniwa wa kujitegemea wangeathirikaje kama mtihani ungefutwa?

Wangeangamia. Mwenye namba inayoanza na P hana mwalimu wa kumkadiria wala alama endelevu (rudi kwenye swali la alama endelevu hapo juu). England 2020 baadhi ya wenzao walibaki bila daraja lolote kwa sababu hiyohiyo. Kwa mama anayerudia kidato cha nne baada ya kulea, kufutwa kwa pepa ni kufutwa kwa mwaka wake.

Wasichana waliopata ujauzito shule zikiwa zimefungwa waliruhusiwa kufanya mtihani?

Kenya, ndiyo; sera yao iliruhusu, na wengine walifanyia pepa zao wodini wakiwa wamejifungua. Tanzania 2020 msichana mjamzito hakuruhusiwa kuendelea katika shule ya kawaida. Zuio hilo liliondolewa Novemba 2021. Kwa hiyo kila mwezi wa kufungwa kwetu uliwagharimu wasichana zaidi kuliko wavulana, na wanaopiga hesabu ya kusogeza (tazama swali la kikomo) waanzie hapo.

Pepa likivuja, kwa kuwa mitihani imebanwa na usimamizi umelegea?

Afrika Kusini lilivuja. Mwishoni mwa 2020 pepa la pili la hisabati na la pili la sayansi ya fizikia yalisambaa kabla ya wakati, wizara ikataka nchi nzima irudie, na 11 Desemba mahakama ya Pretoria ikabatilisha uamuzi huo. Kurudia pepa wakati wa janga ni kuwakusanya upya maelfu kwa kosa la wachache. Wafuatilie wachache.

Cheti changu ni cha 2020. Kina thamani pungufu?

Hapana. Ulifanya pepa, likasahihishwa. Mwajiri akikuuliza, mwambie ulisomea wiki nne ukiwa umevaa barakoa.

Ugonjwa ukiwa mkoa mmoja tu, mtihani wa nchi nzima usogezwe?

Hili lilituhusu 2023. Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza, ilitangazwa Kagera 21 Machi, na mlipuko ukatangazwa kuisha 2 Juni. Katikati yake, mwezi Mei, kidato cha sita walikaa kwenye mtihani. Ugonjwa ule ulidhibitiwa ukiwa mdogo, kwa hiyo swali halikuiva. Lingeiva, tungebanwa: pepa ni moja kwa nchi nzima, na likishafanywa Dodoma saa mbili asubuhi, saa sita lipo kwenye simu za Bukoba. Huwezi kumwahirishia mtoto wa Kagera halafu umpe pepa hilohilo.

Inahitajika seti ya pili ya pepa, iliyotungwa, kuhakikiwa na kufungiwa kabatini kila mwaka, hata kama miaka kumi itapita bila kuguswa. Nimewahi kulisema hili kwenye semina, mtu akaniuliza gharama za kuichapa. Isichapwe. Itungwe tu, ikae. Mashine za kuchapa zipo mwaka mzima, ila pepa la fizikia la kidato cha sita huwezi kulitunga kwa wiki moja.